Acheni Makofi, Leteni Mkaguzi

Ndugu msomaji, kila mwezi wa nane pale viwanja vya John Mwakangale, Uyole, huwa tunafanya jambo ambalo tumezoea kuliita kuwainua wabunifu wetu. Mimi leo naomba niliite kwa jina lake. Tunawamaliza, tena kwa makofi.

Utaratibu unaujua. Mgeni rasmi anashuka kwenye shangingi, anazungushwa mabandani, anafika banda la mafundi. Fundi kavaa fulana mpya aliyogawiwa jana yake. Anaambiwa, "Haya, mweleze mheshimiwa." Naye, kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kusikilizwa na mkubwa yeyote, anamweleza mheshimiwa kila kitu: hapa nimekunja hivi, hapa nimepitisha hivi, siri yenyewe iko hapa ndani. Kamera zinamulika. Waandishi wanaandika. Mheshimiwa anauliza bei, anatikisa kichwa, anasema vijana kama hawa ndio Tanzania ya viwanda inawahitaji, anakabidhi cheti na bahasha. Makofi. Msafara unahamia banda la asali.

Sasa hebu tujiulize: katika zile dakika kumi kimetokea nini kisheria?

Fundi ametangaza uvumbuzi wake hadharani. Na hataza, yaani ile haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili kwa muda fulani asiigwe bila idhini yake, ina sharti la kwanza karibu kila nchi duniani: kitu kiwe kipya. Kipya maana yake umma haujaelezwa. Haijalishi aliyeueleza umma ni nani. Ukijitangaza mwenyewe kabla ya kupeleka ombi, umejifungia mlango kwa mkono wako.

Najua kuna watakaoniambia zipo nafuu. Ni kweli zipo. Marekani inampa mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe mwaka mmoja wa kupeleka ombi. Ulaya nafuu hiyo ni finyu mno: miezi 6, na kwa maonyesho machache ya kimataifa yanayotambuliwa rasmi, ambayo Nane Nane ya Uyole haimo. Halafu nafuu ya muda inamsaidia anayejua kwamba saa imeanza kuhesabu. Fundi wetu nani alimwambia? Mheshimiwa? Yule aliyempa bahasha? Au sisi tuliompiga picha?

Nina sababu ya kuyasema haya. Yuko fundi mmoja katika njia hii kuu ya Iringa hadi Mbeya aliyetengeneza bomba la chuma linalopinda, lililosukwa kwa nyaya. Jina lake ninalo, silitaji. Mji wake pia siutaji. Na hasa sitasema amefanya nini ambacho wengine hawajafanya, ingawa bomba lenyewe nimelishika mkononi na kulipinda mara nyingi. Mhariri mmoja alitaka picha na kurasa mbili. Nikamwambia siku nitakayoandika hizo kurasa mbili ndiyo siku nitakayokuwa nimemnyang'anya mtu huyu mali yake kwa kalamu. Akaniona nimechanganyikiwa. Kazi yetu si kuandika?

Lakini yale ambayo dunia nzima inayajua kuhusu mabomba haya naweza kuyaeleza, na ni vizuri nikayaeleza, maana bila kuyajua hutaelewa ni kitu gani tunachokosa.

Wanaoishi na malori wanalijua bomba hili. Injini haitulii, imekaa juu ya mipira, inatikisika muda wote. Bomba la ekzosi kwa upande wake limefungwa kwenye chesesi. Ukiunganisha vitu viwili hivyo kwa bomba gumu, gari likipanda na kuteremka Kitonga mara kadhaa, bomba linapasuka kwenye weldi. Ndiyo maana katikati huwekwa kipande kinachopinda. Ndani yake kuna bati jembamba lenye mikunjo kama kodiani, na nje kimevalishwa kitu kama soksi iliyosukwa kwa nyaya za chuma. Ndugu zake wakubwa, wenye nguvu zaidi, hubeba mvuke, gesi na mafuta viwandani. Ndugu zake wadogo utawakuta chini ya sinki kwenye nyumba za kupanga.

Ile soksi si urembo. Mikunjo ikijazwa mgandamizo inataka kurefuka, kama kodiani inayovutwa. Soksi inaizuia. Na hapo kuna hesabu tamu sana. Nyaya za msuko zikilala kwa pembe ya digrii 54.7 hivi kutoka kwenye mstari wa urefu wa bomba, mgandamizo wa ndani haulirefushi wala kulifupisha. Pembe ikiwa ndogo kuliko hapo, msuko unafupika na kuvimba. Ikiwa kubwa kuliko hapo, unarefuka na kukonda. Yeyote aliyewahi kuvuta mfuko wa wavu wa vitunguu ameiona tabia hiyo bila kuijua: ukiuvuta unabana, ukiubonyeza kwa juu na chini unatanuka.

Haya hayakuanzia gerejini. Mwaka 1885 huko Pforzheim, Ujerumani, mji uliojaa masonara, Heinrich Witzenmann akishirikiana na Mfaransa Eugène Levavasseur walipata hataza ya bomba la chuma linalopinda. Wazo lilitoka kwenye mkufu, ule wa mtindo wa shingo ya bata bukini. Umeelewa hapo? Mkufu wa shingoni ukazaa bomba la viwandani, na kampuni yenye jina la Witzenmann ipo Pforzheim mpaka leo. Mwaka 1958 Mmarekani Richard Gaylord akapata hataza ya kifaa kinachotumia tabia ile ile ya msuko kufupika unapojazwa upepo, kikawa kama msuli wa kuvuta vitu.

Kwa hiyo fundi wa Nyanda za Juu Kusini akija na bomba lake lililosukwa, swali la maana haliwezi kuwa "je, ni kijana mbunifu?" Hilo ni swali la jukwaani. Swali la maana ni hili: katika bomba hili, kipi kilikwisha kujulikana na kipi ni chake?

Kulijibu swali hilo ndiyo kazi ya mtu anayeitwa mkaguzi wa hataza.

Mkaguzi hapigi makofi. Anachukua maombi, anaanza na sehemu inayoitwa madai. Madai ni sentensi chache tu mwishoni, lakini ndizo zenye meno, kwa sababu ndizo zinazosema mpaka wa shamba uko wapi: mimi nadai bomba lenye hiki, hiki na hiki, vikiwa vimeunganishwa namna hii. Kisha anaingia kwenye maghala ya hataza za dunia. Maghala hayo yamepangwa kwa mafungu, kama soko la Mwanjelwa lilivyo na upande wa mchele na upande wa mitumba. Mabomba yako fungu F16L, na yale yanayopinda yako F16L 11. Mambo ya kusuka yako D04C. Kazi za nyaya ziko B21F. Anasoma za Kijerumani, za Kijapani, za Kichina, za mwaka juzi na za miaka mia iliyopita.

Halafu anauliza maswali matatu. La kwanza, je, kuna andiko moja lenye yote haya ndani yake? Likiwepo, si kipya, mchezo umekwisha. La pili, kama hakuna andiko moja, je, fundi mzoefu wa mabomba akisoma haya mawili matatu angefika hapo bila kuumiza kichwa? Kama angefika, hakuna uvumbuzi. La tatu, je, kinatengenezeka na kutumika?

Akimaliza anaandika barua. Na barua hiyo, ndugu yangu, hata ikiwa ni ya kukataa, ni kitu kikubwa kuliko vikombe vyote vinavyogawiwa Uyole. Inasema: dai lako la 1 limekwisha kuonyeshwa na hati namba fulani ya mwaka fulani. Dai la 2 ni la kawaida kwa mtu wa kazi hiyo. Lakini dai la 4, lile la namna ulivyofunga ncha, sijaliona popote. Punguza, andika upya, rudisha. (Hilo la ncha ni mfano wangu wa kubuni, msianze kumtafuta fundi wangu kwa ncha.)

Hebu fikiria fundi wa Ipogolo au wa Uyole akipokea barua kama hiyo. Kwa mara ya kwanza maishani mtu mwenye elimu amekaa chini, amesoma kazi ya mikono yake mstari kwa mstari, amemjibu kwa sababu. Amemwambia wapi ameichelewa dunia kwa miaka mia na wapi ameitangulia. Hiyo ndiyo heshima. Bahasha ya mgeni rasmi si heshima, ni nauli.

Sasa tuje nyumbani. Mkaguzi huyo tunaye?

Tuanze nyuma kidogo. Enzi za ukoloni, na miaka mingi baada ya Uhuru, aliyekuwa na hataza ya Uingereza ndiye aliyeweza kuja kuisajili hapa kwetu. Yaani mtu wa Tukuyu akivumbua kitu, njia yake ilipitia London. Bunge lilitunga Sheria ya Hataza mwaka 1987, ikaanza kutumika 1994. Miaka saba sheria imekaa kabatini! Mwaka 1999 ikaundwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na mwaka huo huo Tanzania ikaingia kwenye Itifaki ya Harare na kwenye mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, ule wa PCT.

Itifaki ya Harare ni ya shirika liitwalo ARIPO, lenye makao yake Harare, Zimbabwe, ambalo limeunganisha nchi zaidi ya 20 za Afrika. Ni shirika la maana na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni sisi. Kwa miaka mingi ofisi yetu imebaki kwenye ukaguzi wa fomu: jina lipo, saini ipo, ada imelipwa, michoro imeambatanishwa. Ule ukaguzi wa kina, wa kusoma madai na kutafuta yaliyotangulia, tumeuegemeza Harare. Zamani njia ilipitia London, sasa inapitia Harare. Haijawahi kupitia Mbeya wala Iringa.

Utaniambia siku hizi mambo ni mtandaoni, mtu anafungua akaunti akiwa Mafinga. Nakubali, na ni jambo jema. Angalau fundi hasafiri kilometa zaidi ya 800 kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kupeleka karatasi. Lakini mtandao unapokea fomu. Mtandao haumsaidii fundi kuandika madai, wala hausomi alichoandika. Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu sasa hivi kueleza kwa sentensi moja sufuria ni nini, kwa namna ambayo itazijumuisha sufuria zote na haitaigusa ndoo hata moja. Ukimaliza hapo ndipo ujue fundi wa bomba anaombwa nini.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo haliwahusu mafundi peke yao. Chini ya Itifaki ya Harare, ombi likishakaguliwa na kuonekana linafaa, kila nchi iliyotajwa humo inapewa miezi 6 ya kusema kwa maandishi kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Ikinyamaza, imekubali. Soma tena: ikinyamaza, imekubali. Kampuni ya ng'ambo inaweza kuja na madai mapana kama uwanja wa Sokoine, ikadai kila bomba lililosukwa kwa namna fulani, na Tanzania ina miezi 6 ya kusema "hapo mmezidisha, haya yanajulikana tangu 1885." Ili kusema hivyo lazima uwe na mtu aliyesoma. Kama huna, unanyamaza. Na ukinyamaza, mafundi wako wanaamka asubuhi wakiwa wavamizi kwenye shamba ambalo hawakujua limepimwa.

Tunapenda sana kusema Tanzania ni nchi huru. Uhuru mmojawapo ni huu wa kusema hapana ndani ya miezi 6.

Halafu ije lugha. Mwaka 2021 tulibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Mwaka huo huo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, siku ile ile ya Sabasaba. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya kuwa lugha yake rasmi ya kazi. Tukacheza ngoma, sawa. Lakini ARIPO kazi zake ni kwa Kiingereza. Lugha za uchapishaji wa maombi ya PCT ni 10: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza, Kijapani, Kijerumani, Kikorea, Kireno na Kirusi. Tafuta Kiswahili hapo. Fundi wangu anafikiri kwa Kiswahili, anachora vizuri, anapima kwa milimita. Kiingereza chake ni cha kwenye maboksi ya vipuri. Je, huyu ni mjinga? Levavasseur alimwandikia Mfaransa kwa Kifaransa, Witzenmann akamwandikia Mjerumani kwa Kijerumani. Hakuna aliyewaambia wakajifunze kwanza lugha ya watu.

Nawasikia wapinzani wangu. Niwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: "Achana na hataza, fundi anahitaji mtaji." Ndugu, mtaji unawekwa juu ya nini? Ukienda benki na bomba mkononi, watakuuliza dhamana. Ukienda kwa mwekezaji, atakupa chai, ataliangalia bomba, atakwenda kulitengeneza mwenyewe. Hataza si mtaji lakini ni hati, kama hati ya kiwanja. Na hata ombi lililopokelewa tu, lenye namba na tarehe, linamwezesha fundi kukaa mezani na kuongea bila kuogopa.

Wa pili ni msomi, anasema: "Nchi maskini zimesamehewa." Anazungumzia mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambao nchi zilizo nyuma kimaendeleo, Tanzania ikiwemo, zimeongezewa muda hadi 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kuutekeleza wote. Hoja nzuri. Lakini msamaha ule unatupunguzia mzigo wa kulinda vya wengine. Haumlindi fundi wa Makambako na jirani yake mwenye mashine kubwa zaidi. Halafu msamaha wa muda ni wa kujiandaa. Japani ilitunga sheria yake ya hataza mwaka 1885, mwaka ule ule wa bomba la Pforzheim. Mkuu wa kwanza wa ofisi yake, Takahashi Korekiyo, akatumwa Marekani na Ulaya kwenda kusoma wenzao wanafanyaje. Katika miaka ya mwanzo Japani ilikuwa haiwapi wageni hataza, lakini wakati huo wote ilikuwa inawazoesha watu wake kuvumbua, kuandika na kukaguliwa. Baadaye Takahashi akawa waziri mkuu. Sisi hii miaka ya msamaha tunaitumia kufanya nini? Maonyesho.

Wa tatu ndiye ananiudhi zaidi, maana ni wa kwetu. Anasema: "Hawa mafundi wanaiga tu, wanavumbua nini?" Inawezekana! Wengi wanaiga, na kuiga si dhambi. Kwa taarifa yako, hataza ina nguvu pale tu ilipotolewa. Mamilioni ya hataza za dunia hazikuwahi kuombwa Tanzania, na nyingine muda wake umekwisha siku nyingi. Kilichoandikwa humo, michoro na vipimo vyote, mtu wa Mbeya anaweza kukitumia hapa hapa nchini bila kumlipa mtu. Ni shule ya ufundi ya bure iliyo wazi usiku na mchana. Ila nani amwambie fundi kipi ni huru na kipi kimefungwa? Mkaguzi yule yule. Akikwambia "hiki si chako" anakwambia pia "hiki ni cha wote, kichukue." Kwa hiyo hata kama fundi wangu akikaguliwa akakutwa hana jipya hata moja, atatoka na picha mia za mabomba bora kuliko lake. Amepoteza nini?

Tena tusidharau kabla ya kukagua, sisi watu wa Iringa hasa. Erasto Mpemba aliona tangu mwaka 1963, akiwa shule ya Magamba, kwamba mchanganyiko wa moto wa kutengenezea aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganya mambo. Akaja Mkwawa, hapa Iringa, akauliza tena, akachekwa. Siku Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kutoa mhadhara, Mpemba akasimama akauliza swali lile lile, wenzake wakaona aibu. Osborne hakumpigia makofi na hakumcheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lijaribiwe maabara. Mwaka 1969 wakaliandika pamoja kwenye jarida la Physics Education, na mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya kitu chenye jina la Mtanzania. Tofauti kati ya yule mwalimu na Osborne ni moja tu. Osborne alikagua.

Palipokuwa shule ile sasa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Mbeya tuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, kilichotokana na chuo cha ufundi cha zamani. SIDO ipo tangu 1973. Wahandisi wanahitimu kila mwaka, wengine wanaendesha bodaboda. Halafu tunaambiwa hatuna watu wa kusoma hataza. Kwa nini tusiwe nao?

Basi, badala ya kulalamika tu, haya ndiyo ninayotaka.

Kwanza, kila maonyesho yenye banda la wabunifu yawe na dawati la hataza, na dawati hilo lifunguliwe miezi kabla ya maonyesho. Fundi asipandishwe jukwaani mpaka ombi lake lipokelewe, lipate namba na tarehe. Asiye na namba aonyeshe bidhaa kwa nje, asieleze cha ndani, na mgeni rasmi aelekezwe kutouliza.

Pili, wachukuliwe wahandisi vijana, hata wawe sita wa kuanzia: wa mitambo, wa kemia, wa umeme, wa kilimo. Wapelekwe Harare, wakae na wakaguzi wa ARIPO, warudi. Wengine wakae Mbeya na Iringa, si wote Dar es Salaam. Mafundi wa vipuri na mashine za mazao wako huku.

Tatu, maelezo na madai yapokelewe kwa Kiswahili, na gharama ya kuyatafsiri kwenda Harare ibebwe na serikali kwa mvumbuzi mdogo. Ada za ARIPO zinahesabiwa kwa dola. Mtu anayelipwa kwa shilingi, tena kwa awamu, tusimtwike na mkalimani.

Nne, ile miezi 6 itumike. Kila mwaka Bunge lielezwe: hataza ngapi zimeingia nchini kwa njia ya Harare, ngapi tulizisoma, ngapi tulizikataa na kwa sababu gani. Kama jibu ni kwamba hatukusoma hata moja, basi wabunge wajue kwamba kuna mlango wa nchi hauna mlinzi.

Tano, mafundi wafundishwe kwamba sheria yetu ina pia hati ya uvumbuzi mdogo, ambayo haidai ile hatua kubwa ya uvumbuzi. Inatosha kitu kiwe kipya na kitumike. Ulinzi wake ni wa muda mfupi kuliko hataza, lakini kwa maboresho mengi ya gerejini ndiyo saizi yake. Wangapi wanalijua hili kati ya Ruaha na Tunduma? Ulizeni.

Na sisi waandishi wa habari. Kabla ya kuwasha kamera mbele ya fundi yeyote, tumuulize swali moja: "Ombi umeshapeleka?" Kama bado, tuzime. Habari itasubiri. Sifa za ukurasa wa mbele hudumu siku moja, halafu gazeti linafungia vitumbua. Lakini kilichochapishwa humo hakifutiki, na mkaguzi wa Munich akikiona baada ya miaka kumi atakitumia kumkatalia yule yule tuliyedhani tunamsifu.

Mheshimiwa utakayekuwa mgeni rasmi mwaka huu, nakuomba kitu kimoja. Ukifika kwenye banda la mafundi usiulize bei. Uliza hivi: nani amekikagua? Ukiona wote wanatazamana, usitoe bahasha. Rudi na swali hilo hilo kwa waziri wako.

Naomba kutoa hoja.